Sanduku la Barua za Waandishi: Mtumbwi ni wa Nani Katika Ufalme Wako?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa Igoma, jijini Mwanza, na huu ni mwaka wa pili ninaandika riwaya kuhusu ufalme wa kubuni uitwao Lwanzira, ulio katika visiwa vya ziwa ambalo halimo katika ramani yoyote. Nimepanga matabaka manne. Juu wako Watu wa Ngoma, ambao ndio ukoo wa kifalme. Wanafuata Watunza Taa, wanaojua maneno ya kuwasha mwanga unaowavuta samaki kutoka vilindini. Chini yao wako Wenye Mitumbwi. Na chini kabisa wako Wavuta Nyavu. Mhusika wangu mkuu, Nyamizi, ni binti wa Mvuta Nyavu. Mwishoni anagundua kwamba aliibwa akiwa mchanga, na kwamba kwa kweli ni binti wa mfalme. Rafiki yangu niliyempa muswada amesema mwisho huo haukumgusa hata kidogo, lakini nilipomuuliza sababu hakuweza kueleza. Je, kosa liko wapi, na ninawezaje kuonyesha mtu akipanda katika jamii ambayo mimi mwenyewe ndiye niliyeiumba?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu umeuliza jambo ambalo waandishi wengi wa hadithi za kubuni hulipita pembeni.

Rafiki yako hakukosea, ijapokuwa maneno ya kueleza hakuyapata. Nyamizi wako hajapanda popote. Amerudishwa mahali alipozaliwa, na ufalme umebaki vilevile, pamoja na majirani zake wote waliovuta nyavu naye tangu utotoni. Tena, bila kukusudia, umewaambia wasomaji kwamba akili na ujasiri aliokuwa nao tangu sura ya kwanza vilitokana na damu ya kifalme, na kwamba binti halisi wa Mvuta Nyavu asingekuwa navyo. Sidhani kama hilo ndilo unaloliamini, maana barua yako inaonyesha kwamba watu hao wa chini unawapenda. Basi usiwanyang'anye Nyamizi wao.

Kosa lenyewe lilianza mapema zaidi, pale ulipopanga matabaka. Umeyapa majina mazuri na kuyaweka moja juu ya jingine, lakini hujaniambia kinachomzuia Mvuta Nyavu kuamka kesho, akaingia msituni na kuchonga mtumbwi wake. Kabla hujaandika sura nyingine, nakuomba ujiulize: mtumbwi ni wa nani, taa ni ya nani, na yule anayevitumia bila kuvimiliki analipa nini, na analipa lini?

Nitakueleza nilichokiona. Miaka michache iliyopita nilikaa siku nne katika kambi moja ya dagaa visiwani Ukerewe. Kazi ile hufanyika usiku wa giza, kwa sababu dagaa hufuata mwanga wa taa, na mbalamwezi ikishawaka taa hazina nguvu tena. Asubuhi mitumbwi ilipofika, kina mama walisimama majini hadi magotini wakipokea ndoo, na msimamizi wa tajiri, yaani mwenye mitumbwi, alikuwa ameketi juu ya debe akiandika katika daftari ambalo jalada lake lilikuwa limelowa pembeni. Kwanza ilitolewa gharama ya petroli, kisha ya taa, kisha ya unga ambao vijana walikula wiki nzima. Kilichobaki kikagawanywa sehemu mbili, moja ya tajiri na nyingine ya vijana wote kwa pamoja. Kijana mmoja, ambaye viganja vyake vilikuwa vimechanwa na kamba, alisomewa fungu lake, halafu akasomewa alichokopa siku za mbalamwezi, siku ambazo ziwani hakwendeki na mtu bado anatakiwa kula na kumtumia mama yake chochote nyumbani. Alikabidhiwa noti mbili. Alizikunja mara nne, akazitia nyuma ya kava la simu yake, akaenda kulala chini ya mti.

Hapakuwa na mtu aliyemkataza kijana yule kununua mtumbwi, wala hapakuwa na mwiko uliomzuia. Kilichomshika ni lile daftari. Nakushauri Lwanzira nayo iwe na daftari lake, hata kama watu wake hawajui kuandika. Pengine deni la kila Mvuta Nyavu huhesabiwa kwa mafundo ya kamba inayoning'inia katika nyumba ya Mwenye Mtumbwi, na mtoto wa miaka sita anaweza kuitambua kamba ya baba yake kati ya kamba arobaini. Ukiniandikia hivyo nitaliona tabaka bila wewe kulitaja jina.

Katika kambi hiyohiyo kulikuwa na jambo jingine linalomhusu Nyamizi moja kwa moja. Katika sehemu nyingi za ziwa hili mwanamke haendi kuvua, na wapo wavuvi wanaoamini kwa dhati kwamba akikanyaga mtumbwi bahati itaondoka. Hata hivyo wapo wanawake wenye mitumbwi, waliotokea kwenye kuanika dagaa mchangani na kuuza kwa kisado, wakaweka akiba kidogo kidogo hadi wakaweza kuajiri wanaume wa kuwavulia. Mwanamke wa namna hiyo anamiliki chombo asichoruhusiwa kupanda. Husimama ufukweni alfajiri akingoja kuambiwa mali yake imeingiza nini usiku, na hana njia ya kujua kama ameambiwa kweli. Mimi ningetoa kurasa ishirini nzima kwa asubuhi moja kama hiyo.

Usisahau pia kwamba thamani ya vitu haikai mahali pamoja. Sangara hakuwa samaki wa ziwa letu. Alipandikizwa katika miaka ya 1950, akaongezeka kwa kasi kubwa katika miaka ya 1980, na kufikia miaka ya 1990 Mwanza ikawa na viwanda vya kumchakata kwa ajili ya soko la Ulaya. Tazama sasa samaki huyo mmoja anavyogawanyika. Minofu huondoka kwenda nje ya nchi. Mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kutolewa, hukaangwa na kuliwa na watu wa kipato cha chini. Na mabondo, yaani vifuko vya hewa vilivyomo tumboni mwa samaki, ambayo zamani hayakuwa na bei ya maana, sasa hutafutwa na wanunuzi wa Asia ya Mashariki kwa bei inayoipita nyama yenyewe. Mtu aliyekuwa akikusanya mabondo kabla wenzake hawajajua thamani yake alipanda upesi kuliko hodari yeyote wa nyavu. Jiulize ni kitu gani ambacho Wavuta Nyavu wa Lwanzira hukitupa kila siku, nani atakuja kukitaka, na habari hizo zitamfikia nani kwanza. Kwa kawaida haziwafikii wanaokitupa.

Kushuka nako kuna njia zake, na ipo moja ambayo sijaona mwandishi wetu yeyote chipukizi akiitumia. Ng'ambo ya ziwa, Buhaya, kulikuwa na utaratibu wa ardhi ulioitwa nyarubanja. Mtawala aliweza kumpa ndugu yake au mtumishi aliyempendeza eneo la migomba ambalo tayari lilikuwa na watu, na tangu siku hiyo watu wale wakawa batwarwa, wenye kutoa sehemu ya mazao na kazi kwa mtwazi wao mpya. Fikiria familia iliyolala ikiwa na migomba iliyopandwa na babu, ikaamka ikiwa wapangaji chini ya migomba ileile. Hawakuhama hata hatua moja, hawakukosa lolote, na kaburi la babu lilikuwa palepale nyuma ya nyumba. Utaratibu huo ulikuja kufutwa kwa sheria katika miaka ya 1960, baada ya Uhuru. Katika riwaya, tukio kama hilo linaweza kuletwa na mjumbe mmoja mwenye adabu, anayekubali kunywa maji kabla ya kusema alichotumwa.

Watu wa Ngoma nao umewafanya kama ukuta usio na mlango. Katika historia ya maziwa yetu hata nyumba za kifalme zilikuwa na milango, mingine ya kuingilia na mingine ya kutokea. Katika tawala nyingi za Kisukuma za zamani mtemi alirithiwa na mtoto wa dada yake, hivyo watoto aliowazaa mwenyewe walikulia penye ngoma na fimbo ya utemi huku wakijua kwamba kiti hakitakuwa chao. Buganda walikuwa na njia nyingine kabisa: Kabaka alihesabiwa katika ukoo wa mama yake, na kwa hiyo karibu kila ukoo uliweza kutumaini kwamba binti yao aliyeolewa ikulu angezaa mfalme, na wajomba wa mfalme huyo wangeinuka pamoja naye. Vijana wa kawaida pia walipelekwa ikulu kutumika, na waliopendwa walipewa uchifu. Ona jinsi kanuni moja ya urithi inavyoamua nani atakaa na tumaini na nani atakaa na uchungu. Lwanzira inarithi kwa kanuni gani? Barua yako haikusema, nami nadhani riwaya yako ina njaa ya jibu hilo.

Jambo la mwisho, nalo ndilo ninalolijali kuliko yote. Tumezoea hadithi ya mtu mmoja anayepanda peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wakilalamika kwamba wanapunjwa kwenye mizani za wanunuzi, na mkulima mmoja mmoja, akiwa na mzigo wake aliosafiri nao tangu usiku, hakuwa na uwezo wa kubishana na mizani. Walichofanya ni kuweka wapimaji wao wenyewe, wakajenga vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaunganishwa katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria chini ya uongozi wa Paul Bomani. Baadaye wakulima wakafikia hata kumiliki vinu vya kuchambulia pamba. Bomani mwenyewe alipanda sana, akawa waziri wa fedha wa Tanganyika baada ya Uhuru, na hadithi yake inastahili kusimuliwa. Lakini maelfu ya watu waliopanda kidogo tu, kiasi cha bati juu ya nyumba na karo ya mtoto mmoja, nao wana hadithi, na waandishi wachache sana wameitafuta.

Ukiniuliza ningemalizaje riwaya yako, ningemwacha Nyamizi awe binti wa baba yake. Ningemfanya anunue taa moja kwa kushirikiana na wanawake wengine saba, baada ya kumpata Mtunza Taa mzee aliye tayari kuuza siri kwa sababu ana deni la aibu. Kisha, miaka mitatu baadaye, ningemwonyesha akiwa nyumbani kwake jioni, kamba za mafundo zikiwa zimening'inia ukutani kwake mwenyewe, na mmoja wa wanaodaiwa akiwa ni mtoto wa shangazi yake anayebisha hodi. Hapo rafiki yako hatalala.

SWALI: Mwalimu, naandika kutoka Nansio, Ukerewe. Katika hadithi yangu wapo watu wenye nguvu za kuleta mvua na kuizuia. Wenzangu wanasema watu wa namna hiyo wangekuwa wameshakamata ufalme wote, na kwamba hakuna mnyonge ambaye angeweza kuwashusha. Nimekwama.

JIBU: Ndugu yangu, umekwama ukiwa umeketi juu ya jibu. Katika kisiwa chako hichohicho, enzi za watawala wa ukoo wa Wasilanga, omukama, yaani mfalme, alihesabiwa kuwa mwenye dhamana ya mvua, na dhamana hiyo ndiyo iliyomweka hatarini: mvua ilipokosekana kwa muda mrefu, au iliponyesha hadi kuoza mazao, omukama aliweza kuondolewa. Nguvu uliyompa mhusika wako ndiyo deni lake kwa watu. Anayesemekana ameshika mvua hana wa kumsingizia ukame ukija, na mkulima asiye na kitu, mwenye mtama ulionyauka mkononi, ana hoja ambayo askari wa ikulu hawawezi kuijibu kwa mkuki.

Fikiria pia namna nguvu hizo zinavyopatikana. Ukisema zimo katika damu, utakuwa umefunga mlango na hadithi yako itakuwa na wakubwa na wadogo wa kudumu. Usukumani dawa zilifundishwa. Makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yalishindana uwanjani baada ya mavuno, kila upande ukijivunia dawa za waganga wake, na kundi la Bayeye lilijulikana kwa ujuzi wa nyoka na tiba ya sumu. Kijana wa nyumba maskini aliweza kuingia, akatoa ada, akatumika chini ya mkubwa wake, na mwisho akawa manju ambaye watu walitoka mbali kumsikiliza, hata wenye mifugo mingi kuliko baba yake. Huko ni kupanda kwa kweli, ijapokuwa hakumwongezei ng'ombe zizini kwa kasi.

Basi amua mambo mawili: ada ya kujifunza mvua ni kiasi gani katika ufalme wako, na nani anaruhusiwa kumkopesha mwanafunzi. Ukiyaamua hayo, hadithi itasonga.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni msomaji wa Musoma. Shujaa wangu ametoka katika tabaka la wafinyanzi akawa Mkuu wa Majahazi, na sasa anarudi kijijini kwao. Ninawezaje kuonyesha kwamba cheo chake kimebadilika bila kueleza kwa maneno marefu?

JIBU: Marahaba. Tumia salamu, kwa sababu kwetu salamu hubeba umri, ukoo na cheo kwa wakati mmoja, na mambo hayo matatu yanapogongana msomaji huona kila kitu.

Tazama yanayotokea hapa kwetu ufukweni. Tajiri wa mtumbwi akiwa na miaka thelathini, na mvuvi wake akiwa na hamsini na tano, nani atoe shikamoo? Umri unasema kijana ndiye aanze. Fedha inavuta upande mwingine, lakini mzee hawezi kumwamkia kijana shikamoo bila kujivunjia heshima mbele ya wenzake, na ndiyo sababu utawasikia wazee wakisema "Habari za asubuhi, tajiri," neno ambalo linampa kijana heshima ya mali bila kumpa ile ya umri. Kijana mwenye malezi atajibu haraka kwa shikamoo. Asiye na malezi ataitika "nzuri" na kuendelea kutazama simu yake, na kambi nzima itakuwa imemjua.

Kumbuka vilevile kwamba heshima huchelewa kuondoka kuliko madaraka. Utawala wa machifu ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1963, lakini zipo nyumba Usukumani ambako hadi leo mzee wa ukoo wa kitemi akiingia, watu hupunguza sauti, na ukifika Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma, kilomita chache kutoka mjini Mwanza, utawaona wageni wakizisogelea ngoma za watemi kwa hatua za pole ingawa hakuna anayewaamuru. Kwa hiyo usiruhusu kijiji cha shujaa wako kibadilike chote siku moja. Wengine wamwite kwa cheo, wengine kwa jina la utotoni, na angalau mmoja akwepe kumwita kwa jina lolote.

Mimi ningeanza na mjomba wake. Zamani mjomba alimpokea akiwa ameketi, mikono ikiwa na udongo wa ufinyanzi, akamnyoshea kiwiko amsalimie. Leo anamwona anashuka kutoka jahazini na watu wawili nyuma yake. Anainuka, anakifuta kigoda kwa upindo wa nguo yake ili mgeni akae, kisha anasita, maana kwa mila yeye ndiye anayestahili kuketi kwanza. Mwache asimame hivyo, kigoda mkononi, na shujaa wako naye awe amekwisha kupiga goti moja chini kama alivyofundishwa na mama yake, akingojea kiwiko chenye udongo.